Raba Iliyovimba

Fanueli alikuwa amekwisha kukiri, na mtu aliyekiri ni mzigo mwepesi kwa polisi. Hata hivyo, asubuhi ile Sajenti Didas alifungua mlango wa mahabusu ya Iringa akiwa bado na swali.

Dereva alikuwa ameketi sakafuni, mkono wake uliovunjika umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Siku ya ajali walimvuta kutoka ndani ya lori lililopinduka kwenye mteremko wa Ipogoro, karibu na daraja la mto, akinuka ulanzi, pombe ya mianzi, kuanzia nywele hadi viatu. Pembeni yake alikuwa amelala Mzee Silvester, katekista mstaafu aliyekuwa akirudi kwao, tayari roho imeacha mwili. Didas ndiye aliyeyaandika maneno ya Fanueli: nilikunywa, nikaendesha, nimeua. Bwana Inspekta alimpongeza kwa kazi hiyo mbele ya askari wenzake. Tangu siku hiyo Didas alikuwa akizunguka nyuma ya jengo ili asipite mbele ya dirisha la mahabusu.

"Fanueli, ulanzi uliokunywa ulikuwa mtogwa au mkangafu?"

"Ulanzi tu, afande."

"Mtogwa ni wa watoto, hulewi hata ukinywa pipa zima. Mkangafu ndio unaokulaza chini. Ulikunywa upi?"

Fanueli akautazama ukuta. "Ule mkali."

"Ulikuwa na ladha gani?"

"Mtamu."

"Mtamu namna gani?"

"Kama sukari."

Didas alizaliwa Kalenga, na utoto wake wote aliupitisha kwenye mianzi ya babu yake, akikinga ulanzi kila masika. Mkangafu mtamu kama sukari hakuwahi kuuona, wala kuusikia.

"Wewe hujawahi kuonja ulanzi," alisema.

"Afande, nimeua mtu. Unataka nini tena? Nipeleke kwa hakimu, nifungwe, mambo yaishe."

"Kwa nini una haraka ya kufungwa?"

Fanueli akageuza uso. Didas akafunga mlango polepole, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Kutoka pale alikwenda sokoni kumtafuta Severina, mama aliyekuwa ameketi mbele ya lori siku ile, kati ya dereva na marehemu. Alimkuta amekaa nyuma ya fungu la maharage, plasta nyeupe kwenye paji la uso.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba. Umekuja kunikamata? Nilijua utakuja."

"Nikukamate kwa kosa gani?"

"Ulanzi ulikuwa wangu!" Severina alijifunika uso kwa kanga. "Nilipanda nao Ifunda, vibuyu vyangu vya kupeleka kwenye harusi. Nilivipakata mapajani. Gari lilipopinduka vyote vilimpasukia yule kijana kichwani. Mimi nikapelekwa hospitali, hakuna aliyeniuliza. Niliporudi nikasikia dereva amekamatwa kwa ulevi. Nikaogopa kusema. Nimekaa na jambo hili kama mwiba kooni."

"Alikunywa hata kidogo?"

"Yule? Nilimkaribisha pale Ifunda, akaniambia, 'Mama, mimi Mmoraviani, nikinywa nitaimba nini Jumapili?' Alikuwa na kazi nyingine. Magurudumu yalikuwa yanatoa moshi. Gari zima linanuka kama maharage yaliyoungulia chunguni. Akachota maji mtoni akayamwagia. Akafungua kifuniko fulani huko mbele, akachovya kidole, akanusa. Kisha akasema, 'Pandeni, twende polepole.'"

"Hakusema alichonusa?"

"Hakusema. Ila kuanzia pale hakuimba tena."

Didas hakwenda kula. Alirudi moja kwa moja kituoni, akavua koti, akaingia chini ya mabaki ya lori yaliyovutwa na kuachwa uani. Askari waliokuwa wakicheza bao kivulini walimcheka.

"Didas, mkeo anajua unalala na lori?"

"Mwacheni, huyo alikosa tu mtu wa kumwachia usukani. Ndiyo maana akaja polisi, kulinda magari ya wenzake."

Hawakukosea. Didas aliipenda mashine tangu utoto, na alijiunga na polisi kwa sababu polisi walikuwa na Landrova. Mpaka siku ile alikuwa hajaruhusiwa kuiendesha. Alikuwa akimsaidia fundi wa kituo kila alipopata nafasi, na hivyo alijua afungue wapi. Alifungua silinda kuu ya breki, ile ambayo pedali husukuma mafuta yake yaende kwenye magurudumu. Ndani kulikuwa na raba, kikombe kidogo cha mpira mweusi kinachopaswa kuteleza bila taabu. Hakikutoka. Ilibidi akivute kwa koleo. Kilikuwa kimevimba na kulegea, laini kama uyoga uliolowa mvua.

Aliifuta ile raba, akaiweka kiganjani, akatoka nayo juani. Bao likasimama.

Raba iliyovimba huziba kitundu cha kurudishia mafuta. Mafuta yasiporudi, breki hushika hata kama mguu wa dereva uko mbali na pedali. Breki ikishika safari nzima, gurudumu huwaka moto, mafuta huchemka, na siku utakapofika kwenye mteremko wa kweli pedali itazama kama mguu kwenye tope. Jambo moja tu lilibaki: raba ya breki haivimbi kwa mafuta yake halali. Kuna mtu alitia mafuta mengine.

Bwana Inspekta aliitazama ile raba bila kuigusa.

"Dereva amekiri, Didas. Ijumaa anakwenda kwa hakimu. Mlevi aliyeua atakaa gerezani mpaka azeeke. Kama breki ziliharibika bila yeye kujua, hilo ni jambo jingine. Lakini sitaki raba. Nataka mtu aniambie nani alitia nini."

"Nitakwenda Mbeya, lori lilikotengenezwa, bwana."

"Uwe umerudi kabla ya Ijumaa."

Mbeya ya miaka ile, mtu akishaingiwa na ugonjwa wa magari hakuwa na hospitali ya kwenda ila karakana. Wenye macho makali na moyo mgumu walikuwa madereva wa barabara ya Tunduma na Iringa. Wenye subira walilala chini ya magari, mafuta yakiwadondokea usoni. Wengine walinyoosha mabati, wengine wakapaka rangi na kuandika majina kwenye vipaji vya malori, na aliyekosa yote hayo aliuza spea zilizotumika na kusimulia kila moja ilitoka gari gani, kama mtu anayesimulia ukoo wake. Wote walikutana kwa fundi Ezekia, chini ya mlima Loleza, kwenye banda la mabati lililozungukwa na migomba.

Ezekia na Fanueli walikuwa mashemeji, kwa kuwa Fanueli alimwoa Ikupa, dada yake Ezekia. Lori lile walilijenga wenyewe kutokana na magari ya jeshi yaliyotupwa baada ya vita. Injini ilitoka gari moja, ekseli gari jingine, bodi wakaichonga kwa mninga. Kwenye kipaji waliandika NDAGA, asante kwa Kinyakyusa. Mmoja akawa dereva, mwingine fundi, na nyumba mbili zikala kutoka kwenye lori moja.

Ezekia alimwona mgeni tangu njiani. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya mhubiri.

"Ah, Mhehe wa Iringa! Karibu. Mbwa wangu nimeshamfungia ndani, asije akaliwa."

"Mfungulie tu, mzee. Wa Kinyakyusa ni wagumu, wanabishana hata ndani ya sufuria."

Ezekia alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Aliifuta mikono. "Shemeji yangu anasemaje huko?"

"Anasema alikunywa."

"Fanueli?" Kitambaa kilimwanguka. "Fanueli alinifukuza kwenye harusi yangu mwenyewe kwa kuwa nilileta pombe!"

Didas aliiweka ile raba juu ya meza ya vyuma. Ezekia aliitazama, akainama, akaitazama tena kwa karibu. Fundi haulizi raba ina nini inapokuwa hivyo.

"Nani alitia mafuta ya breki mara ya mwisho?" Didas aliuliza.

"Mimi. Jumamosi, kabla ya safari. Raba zilikuwa mpya. Niliziweka kwa mikono hii."

"Mafuta gani?"

"Mafuta ya mbegu za nyonyo na spiriti. Ya makopo hayapatikani, afande, unangoja meli mpaka unaota ndevu. Nilijifunza jeshini. Nyonyo haiumi mpira. Kina mama Wasafwa wananikamulia, nayaweka kwenye chupa ile, nikitaka kutengeneza nachanganya na spiriti. Hakuna mtu anayeigusa. Mke wangu mwenyewe anajua."

Chupa ilikuwa kwenye rafu, safi, imefungwa kwa gunzi la mahindi. Didas alimimina kidogo kwenye kiganja cha Ezekia. Yalikuwa na rangi ya asali changa, mazito, mazuri kwa macho. Ezekia alisugua kwa kidole. Akanusa. Akanusa tena, na sauti yake ya mhubiri ikamwisha.

"Hii si nyonyo."

"Ni nini?"

"Ni ya injini. Mapya." Aliegemea meza. "Jumamosi nilikuwa na haraka. Spiriti ilikuwa inanipasua pua, sikunusa kingine. Andika jina langu, afande. Ezekia. Fundi. Nimemuua mzee wa watu na nimemfunga shemeji yangu."

Mtu mwingine angetoa pingu pale pale. Didas alikuwa ameshaandika ungamo moja la haraka mwezi ule, na hakuwa na hamu ya kuandika la pili. Aliomba bilauri mbili na raba mbili mpya. Kwenye bilauri moja alimimina mafuta ya ile chupa. Ya pili aliitilia nyonyo safi aliyoinunua sokoni kwa Wasafwa. Akatumbukiza raba kila upande, akaziweka dirishani sebuleni kwa Ezekia.

"Zikilala humo, asubuhi zitasema," alisema. "Na wewe usiniambie una hatia mpaka zimalize."

Asubuhi Tusekile, mke wa Ezekia, alileta chai na ndizi za kuchemsha. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mikono isiyotulia. Ezekia hakuwa amelala. Macho yake yalikuwa mekundu. Chumba cha ndani mtoto mchanga alilia, kisha akanyamaza. Ikupa alikuwa amejifungua siku chache kabla ya ile Jumamosi, mumewe akiwa safari nyingine, akaletwa pale ili wifi yake amwangalie, na kwa mila baba hamshiki mtoto mpaka kitovu kianguke.

Didas alitoa raba kwa uma na kuziweka sahanini. Ile ya nyonyo ilikuwa kama ilivyotoka dukani. Ile ya chupani ilikuwa imeanza kujaa pembeni, imelegea, dada mdogo wa ile aliyoitoa kwenye lori.

"Hiyo imefanyaje, afande?" Tusekile aliuliza.

"Imelala kwenye mafuta ya chupa ya bwana wako. Nyingine iliyovimba hivi ndiyo iliyoharibu breki za Fanueli."

Birika ilitua mezani kwa nguvu, chai ikamwagika. Tusekile hakuifuta.

"Ile chupa?" alisema. "Ile ya gunzi?"

Ezekia aligeuka. "Tusekile."

"Mtoto wa wifi alizaliwa na ngozi kavu kama gome," alisema Tusekile, akimtazama Didas, si mumewe. "Kwetu mtoto hupakwa nyonyo asubuhi na jioni, kichwani mpaka nyayoni. Ya kwangu ilikwisha. Nikachukua kidogo kwenye chupa. Kesho yake kidogo. Nikaona imeshuka, nikaogopa. Pale bandani kuna debe la mafuta yanayotoka dukani, yana rangi ile ile. Nikajazia."

"Nilikwambia usiguse!" Ezekia alipiga meza.

"Ulisema nisiguse. Hukusema kwa nini." Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti haikutetemeka. "Mimi niliona ni mafuta ya gari, na ya dukani ni bora kuliko haya tunayokamua sisi. Nilidhani nimekurudishia kilicho kizuri zaidi."

Ezekia alikaa chini, akaishika ile raba iliyovimba na kuizungusha vidoleni, fundi aliyefundisha vijana wote wa mji ule kila kitu kuhusu breki, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa akila naye sahani moja.

"Andika jina langu," Tusekile alimwambia Didas.

"Usiandike lake," alisema Ezekia. "Chupa ni yangu."

Didas alivuta pumzi. Katika kesi hii watu waligombea hatia kama ndugu wanaogombea shamba la marehemu.

"Nitaandika kilichotokea," alisema. "Lakini Fanueli asipoyafuta yale maneno ya ulevi, hakimu ataamini ungamo, hataamini raba. Nahitaji mtu wa kwenda kumwambia."

Mlango wa ndani ulifunguka. Ikupa alikuwa amesimama pale, mtoto mgongoni, shuka limefungwa tayari kwa safari. Alikuwa amesikia yote.

"Kitovu kimeshaanguka," alisema. "Baba yake anaweza kumshika sasa. Wifi, chukua kibuyu cha mafuta twende."

Didas, Ikupa na Tusekile walifika Iringa Alhamisi mchana, wamejaa vumbi. Didas aliwaacha wanawake barazani, akaingia mahabusu peke yake, akaiweka raba sakafuni mbele ya Fanueli.

Dereva aliitambua. Mabega yake yalishuka.

"Umeitoa wapi?"

"Mahali ulipojua iko. Pale Ifunda ulifungua kifuniko ukanusa. Ulinusa nini?"

Fanueli aliigusa ile raba kwa ncha ya kidole.

"Sikunusa nyonyo," alisema hatimaye. "Nikajua Ezekia ametia mafuta ya hovyo. Labda aliishiwa, labda alifanya haraka. Nikajua breki si nzima, afande, na nikasema pandeni. Nilikuwa na hamu ya kumaliza safari nirudi nikamshike mwanangu. Mzee Silvester ndiye aliyenishika bega akasema, 'Mungu atatufikisha, kijana.'"

"Kwa nini ulisema pombe?"

"Pombe ni ya kwangu peke yangu. Breki ni za shemeji. Akifungwa yeye, banda linafungwa, na mke wangu atakula wapi? Nilinuka ulanzi, mkaniuliza kama nimekunywa, nikaona Mungu amenifungulia mlango. Afungwe mmoja, yatosha."

"Ezekia hakujua."

"Ezekia anajua mafuta kuliko anavyojua watoto wake! Nani alitia, kama si yeye?"

Didas alitoka nje, akarudi na wanawake wawili. Tusekile alisimama mlangoni, ameshika kibuyu kidogo kifuani. Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima.

"Shemeji," Fanueli alisema, akashtuka. "Wewe umekuja kufanya nini huku?"

Ikupa alimfungua mtoto mgongoni, akamlaza kwenye mkono mzima wa mumewe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Fanueli kumshika. Alimtazama kwa woga, kama mtu aliyepewa kushika kitu cha mtu mwingine. Kisha akainama kumbusu utosini, na akabaki ameinama.

Akavuta pumzi. Akavuta tena, polepole, macho yamefumbwa, kama alivyofanya siku ile Ifunda akiwa na kidole chenye mafuta puani. Harufu aliyoikosa kwenye breki ilikuwa pale, nzito na ya ukungu, kwenye nywele laini za mwanawe.

Akainua macho. Akaitazama raba sakafuni. Akakitazama kibuyu mikononi mwa Tusekile. Akajua nyonyo ya breki ilikokwenda.

Nje, askari walikuwa wakipaza sauti kwenye bao. Tusekile alipiga magoti.

"Inuka, shemeji," Fanueli alisema. "Inuka. Njiani kulikuwa na jua. Kichwa chake kimekauka. Mpake tena."

Tusekile alimwaga mafuta kidogo kiganjani, akaanza kumpaka mtoto, naye Fanueli akiendelea kumshikilia. Didas aliketi kwenye kizingiti, akaitoa ile karatasi ya ungamo aliyopongezwa nayo, akaikata kwa mstari juu hadi chini, kisha akachukua karatasi nyingine.

"Sema," alimwambia. "Sasa hivi nitaandika unayoyasema kweli."

"Andika, sikunywa," Fanueli alisema, bila kuondoa macho kwa mtoto. "Breki ziliharibiwa na mafuta yaliyokosewa, hakuna aliyekusudia. Halafu andika hili, wala usilipunguze: nilipofika Ifunda nilijua, na nikasema pandeni."